Madini kwenye msosi wa kila siku: namba zikija za ajabu, anza kutafuta wapi

Hii ni kwa wale mnaopima madini kwenye chakula cha kawaida cha watu, wanafunzi wa lishe, watu wa maabara, watu wa miradi ya vijijini, mmeshika karatasi ya matokeo na namba haziingii akilini. Chuma kimepanda hadi unajiuliza hawa watu wanakula misumari au, madini joto sifuri kabisa, zinki ipo hadi kwenye blanki ambayo haina chakula chochote ndani. Mifano yangu ni ya huku huku Dodoma, Chamwino, Bahi, Kongwa, Mpwapwa, maana ndo msosi ninaoujua: ugali wa uwele na mtama, mlenda, karanga, maziwa, dagaa wakipatikana. Kemia yake lakini ni ile ile hata ukiwa Mtwara.

Kuna swali moja utalirudia kwa kila tatizo hapa chini: hicho kilichozidi kimeingia kabla chakula hakijafika mdomoni, au kimeingia baada ya sampo kutoka kwenye sahani? Vumbi la uwanja wa kupuria, chuma cha mashine ya kusaga, alumini ya sufuria, magadi ya mlenda, hivyo vyote mtu anakula kweli, ni mlo wake huo, huna ruhusa ya kuviondoa. Glavu zako, kisu cha blenda ya maabara, asidi ya daraja la chini, chupa iliyooshwa juu juu, hivyo ni vya kwako, mlaji hajawahi kuvionja. Kuna watu wanasuuza mboga weee kwa maji ya distili, wanapima, afu wanaandika hiki ndicho wanakijiji wanakula. Hapana, hicho ni chakula cha maabara. Ukitaka kujua mmea wenyewe umebeba nini toka ardhini, osha. Ukitaka mlo, chukua kama ulivyopakuliwa.

Chuma kimepanda kupita kiasi

Hii ndo kesi inayosumbua kuliko zote kanda ya kati, kwahiyo nitakaa hapa kidogo.

Uwele msafi kwa kawaida una chuma kama miligramu 30 hadi 80 kwa kilo. Ukipata 150, 200, 300, usikimbilie kusema mbegu ya huku ni ya maajabu. Angalia kwanza inavyopurwa. Masuke yanarundikwa chini, yanapigwa fimbo hadi punje zitoke, zinapepetwa kwenye upepo, na ule uwanja ni udongo tu uliosawazishwa. Waethiopia wana ishu hiyo hiyo na tefu yao, inapurwa kwa kukanyagwa na ng'ombe, chuma kingi kilichokuwa kinasifiwa kikaja kuonekana ni udongo.

Piga hesabu ndogo uone udongo ulivyo na nguvu. Tuseme udongo wa pale uwanjani una chuma asilimia 4, kitu cha kawaida kabisa kwa udongo mwekundu. Gramu moja ya udongo huo ina miligramu 40 za chuma. Kwahiyo gramu moja tu ikiingia kwenye kilo ya unga umeshaongeza miligramu 40 kwa kilo, na gramu moja ndani ya kilo nzima huioni kwa macho, labda uisikie kwenye meno.

Kuthibitisha, pima titani. Mimea karibu haichukui titani, udongo umejaa titani, kwahiyo titani ikionekana kwenye unga ujue kuna udongo. Chukua na udongo wa uwanja ule ule, siyo wa shamba jirani, upime chuma na titani kwa njia ile ile uliyopimia unga. Mfano udongo una titani miligramu 4,000 kwa kilo na chuma 40,000, afu unga una titani 6. Gawanya 6 kwa 4,000, unapata gramu 1.5 za udongo kwa kila kilo ya unga, na hizo zimeleta chuma miligramu 60. Kama jumla ilikuwa 115, basi uwele wenyewe ni 55 hivi, na hapo namba inarudi kwenye mstari.

Angalizo mbili. Moja, asidi ya nitriki peke yake haiyeyushi titani yote, kuna chembe ngumu zinabaki chini ya chupa, ndo maana nasema unga na udongo vipitie njia ile ile, ama utumie XRF, mashine ya miale ya X, inayosoma unga mkavu uliogandamizwa bila kuyeyusha. Kuna asidi ya haidrofloriki inayoyeyusha kila kitu, ila hiyo kama maabara yenu haina jeli ya kalsiamu glukoneti pembeni na mtu aliyefundishwa, achaneni nayo, inapenya ngozi inakula hadi mfupa. Mbili, vitabu vingi vinakwambia tumia alumini kama kiashiria cha udongo. Kwa mlo uliopikwa Tanzania hiyo haifai, maana karibu kila nyumba inapikia sufuria la alumini, na mlenda wenye magadi unalikwangua vizuri tu, kwahiyo utahesabu sufuria ukidhani ni vumbi.

Titani iko chini lakini chuma bado kiko juu? Nenda mashineni. Zile mashine za kusaga za mtaani zina nyundo za chuma zinazunguka na chekeche ya bati, zinalika, na kinacholika kinaenda kwenye unga. Hapo utaona chuma kimepanda na mara nyingi manganizi kidogo, titani hamna. Jaribio lake ni rahisi: gawa nafaka moja mara mbili, nusu itwangwe kwenye kinu cha mbao, nusu ipite mashineni, upime zote. Tofauti ndo mchango wa mashine. Afu muulize mwenye mashine lini kabadilisha nyundo, na nani kasaga kabla yako, sababu unga wa aliyetangulia unabaki ndani na kilo za mwanzo zinazotoka siyo zako peke yako. Ukitaka sampo ya uwele ukapeleka nusu kilo baada ya mtu aliyesaga debe zima la mahindi, umepima mchanganyiko.

Na usisahau unga wa paketi. Toka kanuni za mwaka 2011, unga wa viwandani wa ngano na mahindi unatakiwa uongezewe virutubisho, chuma na zinki vikiwemo. Nyumba moja mjini inakula sembe la paketi, jirani yake anasagisha mahindi ya Kibaigwa kwenye mashine ya kona, ukichanganya sampo zao halafu ukashangaa namba zimetawanyika, hakuna cha kushangaa. Uliza paketi, soma lebo, ikibidi piga picha.

Sasa ukishajua chuma cha udongo ni kiasi gani, usikifute. Mtu anakula kweli. Andika mistari miwili: jumla iliyopimwa, na makadirio ya kilichotoka nje ya nafaka. Chuma cha udongo kipo zaidi kama oksaidi, mwili unakichukua kidogo sana, na ukiripoti jumla peke yake utakuja kuambiwa kijiji hakina shida ya chuma wakati kliniki ya wajawazito wamejaa watu wenye damu pungufu.

Zinki inaonekana hadi kwenye blanki

Hii ni ya maabara moja kwa moja. Mshukiwa wa kwanza ni glavu, mpira mwingi unatengenezwa kwa zinki oksaidi, na zile zenye poda ndo balaa. Vaa za nitrili zisizo na poda na usiguse mdomo wa chupa. Wa pili ni vizibo vya mpira. Wa tatu ni vyombo vya glasi vilivyosuuzwa kwa maji ya bomba tu, viloweke usiku kucha kwenye asidi ya nitriki ya asilimia 10, usuuze kwa maji yaliyosafishwa, uvikaushe vikiwa vimeinamishwa mbali na dirisha. Dodoma ina upepo na vumbi miezi mingi ya mwaka, dirisha wazi pembeni ya bika ni kuomba matatizo.

Blanki moja haitoshi, weka kadhaa kwenye kila raundi, uangalie na zinavyotofautiana. Blanki zikiwa juu ila zote sawa unaweza kutoa, zikiruka ruka, moja iko chini nyingine juu mara tano, hakuna cha kutoa hapo, rudia raundi nzima baada ya kupata chanzo.

Blanki safi lakini maji ya kunywa ya nyumba fulani yana zinki? Hiyo sasa ni ya mlo. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati, ndoo za mabati, vyote vinatoa zinki. Iache, iandike.

Kila kitu kimezidi mara kumi, au kimepungua mara kumi

Siyo kemia hiyo, ni yuniti. Majedwali ya vyakula yanaandika miligramu kwa gramu 100, maabara inatoa miligramu kwa kilo, hapo tayari kuna kumi. Mashine yenyewe inasoma miligramu kwa lita ya maji uliyoyeyushia, kwahiyo kuna hesabu katikati: umepima nusu gramu, umejaza hadi mililita 50, mashine imesema 0.3, basi ni 0.3 mara 50 gawa kwa 0.5, unapata 30 kwa kilo, sawa na 3 kwa gramu 100. Fanya moja kwa mkono kabla hujaiamini Excel.

Kama imezidi mara tatu hivi na siyo kumi, hapo ni maji. Ugali theluthi mbili ni maji, uji ni maji matupu na unga kidogo. Sampo ilikaushwa, matokeo ni kwa kilo ya kitu kikavu, afu mtu akazidisha kwa uzito wa ugali mbichi uliopimwa jikoni. Pima uzito kabla na baada ya kukausha kila sampo, andika pale pale kwenye chupa, siyo kwenye kidaftari kitakachopotea kwenye gari kati ya Kondoa na mjini.

Kalsiamu iko chini kuliko inavyotakiwa

Ukitumia AAS (mashine inayopima madini kwa jinsi yanavyofyonza mwanga) ya moto wa kawaida, fosfeti ya nafaka na karanga inashikana na kalsiamu, moto unashindwa kuitenganisha, mashine inasoma pungufu. Dawa ni kuongeza lanthanamu, inayoshikana na fosfeti badala ya kalsiamu, kwenye sampo na kwenye standadi (vimiminika vya kiasi unachokijua vya kupangia mashine) pia, zote, siyo sampo tu. Ukitaka kuhakikisha kwamba shida ndo hiyo, ongeza kiasi unachokijua cha kalsiamu kwenye sampo, usome tena; ikirudi pungufu wakati kwenye maji matupu inarudi yote, umemkamata.

Ukichoma kwenye tanuru kuna jingine: nafaka zina silika, hasa zisizokobolewa, majivu yake yanashikilia madini hayayeyuki vizuri. Ukiona mabaki meupe kama mchanga chini ya bika usiyachuje ukatupa haraka haraka.

Kalsiamu ikiwa sawa maabara lakini jumla ya siku ya mtu bado ndogo, uliza maji. Maji ya visima ya kanda hii ni magumu, birika zinaota ukoko mweupe, huo ukoko sehemu kubwa ni kalsiamu. Mtu anayekunywa lita mbili za maji hayo pamoja na yaliyopikia ugali anapata kalsiamu na magnesiamu ambayo jedwali la vyakula halina. Pima maji ya nyumba husika, yale yale yaliyo kwenye jaba, siyo ya bomba la ofisini kwenu.

Sodiamu kubwa, lakini watu wanasema hawatumii chumvi sana

Wanaweza wakawa wanasema kweli. Magadi ni sodiamu, ila siyo chumvi ya mezani, ni kaboneti na baikaboneti. Ukichukua sodiamu yote ukazidisha kwa 2.5 kupata gramu za chumvi, kama ilivyozoeleka, umempa mtu chumvi ambayo hajala. Na kosa hilo linazaa lingine, sababu wengi wanakadiria madini joto kutokana na chumvi, kwahiyo kwenye karatasi anaonekana ana madini joto ya kutosha, kumbe yale magadi hayajawekewa madini joto kama chumvi ya dukani.

Kupima magadi kuna ujanja wake. Ukichukua bonge ukalipeleka maabara umepima bonge. Ila kaa jikoni uangalie: mama anavunja kipande, anakitia kwenye kikombe cha maji, anakoroga, anaacha mchanga utuame, anamimina yale maji ya juu tu kwenye chungu yakishachemka, anatia mlenda, anapiga na upawa hadi uanze kuvutika, tope la chini linatupwa nje. Kilichoingia kwenye chakula ni yale maji ya juu. Pima kikombe kabla na baada, chukua sampo ya maji hayo, hapo ndo una namba ya mlo. Na usimwambie apunguze siku hiyo, mwache apike anavyopika.

Ukitoka Manyoni kuelekea Singida fikiria na floraidi. Magadi na maji ya baadhi ya maeneo ya bonde la ufa yanayo nyingi, kikomo cha maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita, na zamani Tanzania iliruhusu hadi 8 vijijini kwa sababu ya hali halisi. Usitegemee AAS wala ICP (mashine inayochoma sampo kwa gesi ya agoni yenye joto kali sana) ikusomee floraidi, hiyo inataka elektrodi yake, na ile bafa yake iwe yenye kuachanisha floraidi na alumini, la sivyo chakula kilichopikwa kwenye sufuria la alumini kitasoma pungufu.

Madini joto sifuri

Karibu kila mara jibu ni asidi. Madini joto kwenye asidi ya moto yanageuka mvuke yanaondoka, umeyafukuza mwenyewe. Yanatakiwa kutolewa kwa alikali, wengi wanatumia TMAH, alikali ya maabara, kwenye chombo kilichofungwa, afu ICP-MS, yaani ICP inayotenganisha atomi kwa uzito wake. Kama maabara yako ina njia ya asidi peke yake, usiombe madini joto, lipia vingine.

Kile kikiti cha matone kinachogeuza chumvi kuwa bluu kinasema yapo au hayapo, kiasi hakisemi cha kuaminika. Na chumvi yenye ualikali, mfano iliyochanganyika na magadi au iliyokwanguliwa ziwani, inaweza kukataa kugeuka hata kama ina madini joto, ndo maana kiti nyingi zinakuja na kichupa cha pili cha kurudia. Watu hawakitumii, kinabaki kwenye boksi.

Njia ambayo mi naiamini kuliko kukimbizana na sahani ni mkojo. Karibu asilimia 90 ya madini joto unayokula yanatoka na mkojo, kwahiyo kipimo cha kundi la watoto wa shule kinaongea: namba ya katikati (mediani) ikiwa mikrogramu 100 hadi 199 kwa lita kundi liko vizuri, kwa wajawazito ni 150 hadi 249. Hiyo ni ya kundi lakini, usimchukue mtoto mmoja mwenye 60 ukamwambia mzazi wake ana upungufu, mkojo wa mtu mmoja unabadilika asubuhi na jioni.

Seleniamu haipo, aseniki ipo

Mara nyingi hizi mbili zinakuja pamoja, na zote zinaweza kuwa uongo. Seleniamu inapotea ukichoma kwenye tanuru, yeyusha kwa asidi kwenye chombo kilichofungwa badala yake, mikroweva ya maabara ndo kazi yake. Halafu kwenye ICP-MS usisome seleniamu kwenye uzito wa 80, atomi mbili za agoni, gesi ya mashine yenyewe, zikishikana zina uzito huo huo, nenda 78 na gesi ya heliamu, inayochuja hao wanaojifanya seleniamu.

Aseniki inasomwa kwenye 75, na agoni 40 ikishikana na klorini 35 ni 75 vile vile. Kwahiyo mboga yenye chumvi, dagaa wa chumvi, mlo wowote wenye chumvi nyingi utaonyesha aseniki ambayo haipo. Ukiona aseniki inapanda sambamba na chumvi kwenye sampo zako, tulia kabla hujamwambia mtu yeyote kijijini neno sumu. Washa heliamu, soma tena, halafu pima maji ya chumvi matupu uone yanasema nini.

Rejea iko sawa, lakini marudio ya sampo moja hayafanani

Sampo rejea yenye cheti, mfano ile ya NIST, taasisi ya vipimo ya Marekani, ya mlo wa kawaida namba 1548a au ya unga wa mchele, ikitoa namba yake vizuri maana yake mashine na asidi viko sawa. Sasa kwa nini sampo yako inatoa 20, 31, 24? Kwa sababu ile ya kopo imesagwa ikachanganywa vizuri na yako haijachanganyika.

Mlenda ndo mbaya kuliko vyote. Unateleza, unavutika, ukichota kijiko unakuja wote kwa mkupuo au hauji kabisa, na mchanga umekaa chini. Usijaribu kuugawa ukiwa mbichi, kausha wote, saga wote, changanya, ndo upime. Mlenda mkavu wa kiangazi una mchanga zaidi kuliko wa masika, maana umeanikwa juu ya mawe na mikeka upepo ukipita. Dagaa nao, kipande cha mfupa kikiingia kwenye nusu gramu kalsiamu inaruka. Karanga zina mafuta, zinageuka uji kwenye kisagio na kuganda kwenye kuta, zigandishe kwanza. Ukiona bado zinatofautiana, ongeza uzito wa sampo toka nusu gramu hadi gramu moja au mbili kama chombo kinaruhusu.

Kisagio chenyewe kiwe na kisu cha titani au seramiki kama unapima kromiamu na nikeli. Chuma cha pua kinatoa zote mbili, na kwa kuwa kiwango chake kwenye chakula ni kidogo, kisu kinaweza kuleta zaidi ya chakula chenyewe. Ila sasa, ukitumia kisu cha titani ile mbinu yangu ya udongo imekufa, kwahiyo kwa sampo za titani tumia kinu cha agati au seramiki. Na maabara inayopima mawe ya dhahabu asubuhi na ugali mchana, hata kama ina mashine nzuri, uliza kwanza wanasagia wapi.

Maabara haina kosa lakini jumla ya siku haiingii akilini

Hapo shida ipo kwenye sahani. Njia ya kuweka sahani pacha, yaani mtu akipakua anapakua na ya kwako, ni nzuri ila watu wanabadilika, siku ya mgeni nyama inaonekana, mlenda unafichwa. Na kwenye sinia la watu sita nani kala kiasi gani? Mtoto mdogo anamega kwa vidole vitatu, baba anamega tonge kubwa na kuchota mboga nyingi, ukigawa kwa sita umekosea wote. Pima sinia kabla na baada, afu uhesabu matonge ya yule unayemfuatilia na upime uzito wa matonge yake machache kwenye mzani. Inachosha lakini hakuna njia ya mkato.

Ulizia vinavyoliwa nje ya chakula: ubuyu, zabibu msimu wake, chai na andazi kwa mama ntilie, pombe ya mtama, msibani. Na udongo. Wajawazito wengi wanakula udongo wa kununua sokoni, vile vipande vya kahawia, na hawatakutajia ukiuliza umekula nini jana kwa sababu kwao siyo chakula. Uliza kwa jina, uliza bila kushangaa, na mwanamke amuulize. Gramu 20 kwa siku za udongo wenye chuma asilimia 4 ni miligramu 800, mlo mzima wa siku haufiki hata sehemu ya kumi ya hapo. Usijumlishe hiyo na ya ugali, iwe safu yake.

Msimu nao. Huku mvua ni moja, Desemba hadi Aprili hivi, mboga mbichi ziko hapo lakini ghala ndo limeisha. Sampo za Februari na za Julai ni milo miwili tofauti ya watu wale wale.

Na usijaze pengo kwa jedwali bila kuliangalia. Jedwali la vyakula la Tanzania la 2008 linasaidia sana, ila baadhi ya namba zake zimeazimwa kutoka majedwali ya nje, na madini kama seleniamu yanafuata udongo wa mahali. Ukipata thamani iliyo chini ya kikomo cha kugundua, yaani kiasi kidogo kabisa mashine inachoweza kukiona, usiandike sifuri kimya kimya, toa jumla mbili, moja ukiweka sifuri na nyingine ukiweka kikomo chenyewe, msomaji aone upana.

Chuma na zinki vinatosha kwenye mlo, damu inasema havitoshi

Ukishaondoa udongo na bado chuma kinatosha, pima faiteti, namna mmea unavyohifadhi fosforasi kwenye punje. Nafaka nzima na karanga zina faiteti nyingi, inashika zinki na chuma tumboni. Mfano mlo una faiteti miligramu 1,000 na zinki 6: gawa 1,000 kwa 660 (uzito wa moli ya faiteti), unapata 1.52; gawa 6 kwa 65.4 (uzito wa moli ya zinki), unapata 0.092; gawa ya kwanza kwa ya pili, uwiano ni 16 na kitu, na ukivuka 15 zinki inachukuliwa kidogo. Dona lina zinki nyingi kuliko sembe ila faiteti yake nayo iko juu, kwahiyo usichague kwa kuangalia zinki peke yake. Uji wa kuchachusha faiteti inapungua, kwahiyo andika kwenye fomu kama uji ulichachushwa na ulikaa muda gani. Andika na kama chai ilinywewa pamoja na chakula au baadaye, chai inakaba chuma, ubuyu wenye vitamini C unakisaidia.

Upande wa damu, feritini, protini inayoonyesha akiba ya chuma, inapanda mtu akiwa na maambukizi hata kama chuma chake kimeisha. Malaria, kifua, kidonda, vyote vinaipandisha. Kwahiyo omba CRP, kipimo cha uvimbe na maambukizi, kwenye tone lile lile la damu, na yule ambaye CRP yake iko juu usimlinganishe na mlo wake mpaka urekebishe namba au umpime tena akishapona. Himoglobini pungufu nayo siyo chuma peke yake, kuna malaria, minyoo ya safura, kichocho na selimundu, na hapo kazi inatoka kwenye maabara ya chakula inakwenda kwa daktari.